Siku Mtani Alipovaa Koti la Baba

Baba yangu alikuwa na namna yake ya kuvuka barabara, na namna hiyo ilinikera tangu nikiwa msichana. Alifika ukingoni, akasimama miguu pamoja, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudia kulia. Baiskeli ikionekana kwa mbali, anaingoja ipite. Akitokea mbuzi, anamngoja mbuzi. Halafu ananyoosha mkono mbele, kiganja wazi, anayasimamisha magari ambayo hayapo, ndipo anavuka, taratibu, bila kukimbia hata hatua moja. Ukiwa naye na una haraka zako, unaweza kulia.

Mazoea hayo aliyatoa Mwadui. Alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi ujana wake wote, na kazi yake ilikuwa kushika bendera mahali ambapo malori makubwa ya mgodi yalikatiza njia ya watu. Nyekundu, simama. Kijani, pita. Wenzake wakisimulia almasi, yeye alisimulia malori. "Sikupoteza mtu hata mmoja," alikuwa akisema, na sisi watoto tuliisikia hadithi hiyo mpaka tukawa tunammalizia.

Alipostaafu, yeye na mama walihamia upande wa Geita, kama Wasukuma wengi waliofuata ardhi huko. Walipata shamba karibu na kituo kidogo cha biashara kwenye barabara ya kwenda Biharamulo. Ukitoka Buseresere si mbali, lakini jina la kituo naliacha, na majina ya watu nayaacha pia, kwa sababu wengi wao bado wanaishi pale pale na wanasalimiana kila siku. Mimi nilibaki Shinyanga mjini, Ngokolo, na cherehani yangu. Nashona nguo za kike, na nina mdomo. Wateja wangu wanalijua hilo na wanarudi hivyo hivyo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya wazazi wangu, aliishi mama mmoja wa Kizaramo. Alikuja huko na mume wake aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mume akafariki, yeye akasema kurudi Pwani ni mbali na nauli ni maneno mengi, akabaki akikaanga vitumbua. Wazaramo na Wasukuma ni watani, hilo halina mjadala, lakini yeye na baba walizidisha. Kila asubuhi baba alivuka kwenda kununua vitumbua, na kila asubuhi yule mama aliinua kijiti chake cha kugeuzia akawatangazia wateja: "Msukuma wangu huyooo, ameanza safari! Mchemshieni maji ya kuoga, atafika jioni!" Baba hakujibu mpaka afike. Akishafika anasema, "Nyie Wazaramo mnajua kucheza ngoma tu. Kusimama hamkufundishwa." Kisha anachukua vitumbua vyake, anarudi ukingoni, na safari inaanza upya.

Niliposhinda kwao likizo nilikuwa nakaa kibarazani nikiwatazama na kucheka peke yangu. Mama alisema wale wawili wasipotukanana asubuhi, baba hanywi chai vizuri.

Basi asubuhi moja, jua likiwa limeshatoka kabisa, baba alisimama ukingoni kama kawaida. Lori la magunia lilikuwa linapanda taratibu kutoka upande wa magharibi. Nyuma yake likaja gari la doria la polisi, kwa kasi. Likataka kulipita lile lori, likahama upande wake, likamaliza lami ya upande wa pili, likaingia kwenye vumbi la pembeni. Baba alikuwa hapo kwenye vumbi. Alikuwa bado anangoja.

Yule mama wa Kizaramo aliona kila kitu, kijiti kikiwa mkononi, kitumbua kikiungua kikaangoni. Ndiye aliyenipigia simu. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akizungumza bila utani ndani yake, kwa hiyo aliposema tu "mwanangu" kwa sauti ile, nilijua. Nilizima pasi iliyokuwa juu ya nguo ya mteja, nikafunga duka, nikaondoka na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

Nilimkuta mama amekaa mkekani, amezungukwa na wanawake, macho makavu. Wanawake walikuwa na wasiwasi naye. Mjane asiyelia anatisha, na mmoja alininong'oneza nimsaidie alie, atapata presha. Nilimkumbatia, nikalia mimi, nikalia sana, yeye akanipapasa mgongo kana kwamba msiba ulikuwa wangu peke yangu. Nilipotulia akaniuliza kwa Kisukuma kama nimesikia redio.

Nilikuwa sijasikia. Alikuwa amesikia yeye, na jirani amemrudishia maneno yale taratibu ili ayaelewe. Polisi walisema gari lao likiwa kazini lilimgonga mzee mmoja, na chanzo cha ajali ni marehemu kuvuka barabara ghafla bila kuchukua tahadhari.

"Bila kuchukua tahadhari," mama akayarudia kwa Kiswahili, polepole, kila neno na uzito wake. "Ng'wanone, mwanangu, baba yako?"

Nikamshika mkono.

"Alishika bendera ujana wake wote asipoteze mtu. Leo wanasema kajipoteza mwenyewe. Nikimlilia sasa, nitakuwa namlilia huyo mtu wao. Mume wangu wamefuta. Wamrudishe kwanza, ndipo nilie."

Hicho ndicho alichotaka mama. Hakutaka ng'ombe, hakutaka mtu afungwe, hakutaka rambirambi ya mtu yeyote. Alitaka maneno yale yaondolewe juu ya mume wake.

Nilikwenda kituoni kesho yake asubuhi, na nakiri sikwenda kwa upole. Mkuu wa kituo alinikaribisha kiti. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzuri ya mahubiri. Akanipa pole nyingi, akaniambia uchunguzi wa awali umeshakamilika. Nikamuuliza shahidi gani amehojiwa. Akasema askari waliokuwemo ndani ya gari wameandika maelezo yao. Nikamuuliza kuhusu yule mama wa vitumbua, aliyekuwa amesimama ng'ambo anaangalia.

"Yule ni jirani yenu, dada. Ana upande."

"Na nyie je? Gari si lenu?"

"Punguza jazba, dada yangu. Uko kwenye majonzi."

Jazba. Nilitoka pale nikapita moja kwa moja kwa yule mama. Alikuwa hajakaanga kitu tangu ile siku. Akaniambia polisi walimwambia asubiri, ataitwa. "Nimesubiri. Nimeoga, nimevaa hadi khanga mpya ya kutolea maelezo. Sijaitwa. Kwani mie macho yangu yana kasoro gani, mwanangu?" Kisha akaanza kulia, na mimi ambaye nilikwenda kwake kufarijiwa nikabaki namfuta machozi.

Siku ya mazishi watu walijaa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wachungaji wake wa ng'ombe, waumini wenzake na wenye maduka wote walikuwepo. Turubai lilifungwa uani, wanaume upande mmoja kwenye viti, wanawake upande wa pili kwenye mikeka, katikati kukabaki uwazi mpana wa kupitia. Jeneza lilikuwa ndani bado. Ndipo tukasikia gari.

Kituo chetu kina gari moja tu la polisi. Sasa walitaka kuja kuhani, na mkuu wa kituo hawezi kufika msibani kwa bodaboda, kwa hiyo walikuja na lile lile. Taa ya mbele ya upande mmoja ilikuwa haipo, na palikuwa na bonde kwenye bodi. Nadhani hawakukusudia ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Haikuwajia akilini. Gari lililoua mtu, ambalo lilipaswa kuwa limezuiliwa mahali mpaka wakaguzi walitazame, lilisimama mbele ya mlango wa marehemu likashusha gunia la mchele. Na aliyeliendesha alikuwa koplo yule yule aliyemgonga baba, kwa sababu dereva nao walikuwa naye mmoja. Alikuwa mtu mzima, mwenye upara, mteja wa vitumbua kama sisi wote. Hakusogea kwenye turubai. Alibaki amesimama kando ya mlango wa gari.

Mkuu wa kituo akapewa nafasi ya kusema. Akasema vizuri, sitamnyima haki yake. Akatoa pole kwa niaba ya jeshi, akasema Mungu amempenda zaidi mzee wetu, kisha akaona atoe na elimu kidogo, kwa kuwa watu wamekusanyika. Akatusihi tuwafundishe wazee na watoto kuwa makini na barabara, tusivuke ghafla. Nilimwona mama akishusha macho kwenye mkeka. Nikataka kunyanyuka, shangazi akanikamata mkono akaniambia nijikaze.

Wakati huo huo mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka baba.

Nasema baba kwa sababu ndivyo macho yangu yalivyoniambia kwa nukta moja. Alikuwa yule mama wa Kizaramo. Amevaa koti la baba la kijivu lililomfika magotini, kofia ya baba ameibandika juu ya mtandio, mkononi fimbo ya baba. Watu wakaguna, halafu wakaanza kucheka chinichini. Msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akamwigiza anavyotembea na kukohoa, akamtania mjane, akazuia jeneza mlangoni, na haruhusiwi mtu kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani msibani, aibu ni yako.

Akaanza na mama. "Mke wangu, mbona umekaa? Chai iko wapi? Au kwa kuwa nimekufa?" Mama akainua uso. Akamtazama, kisha akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikisikia na nilishukuru.

Kisha akageukia ule uwazi wa katikati, kati ya wanawake na wanaume, na sote tukaelewa kwamba hiyo ndiyo barabara. Akafika ukingoni. Akasimama miguu pamoja. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akarudia kulia. Turubai zima likaangua kicheko, maana hakuna aliyekuwa hajawahi kumngoja mzee yule avuke. Kuku mmoja akakatiza, kwa akili yake mwenyewe, akielekea jikoni. Yule mama akamwinamia kidogo, akamwonyesha kwa mkono apite kwanza. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mkuu wa kituo naye alicheka. Alikuwa mgeni pale lakini utani wa msibani anaujua, nani asiyeujua?

Bila kuondoa mguu ukingoni, yule mama akamwita. "Wewe mwanangu wa serikali. Husalimii wazee?"

"Shikamoo mzee," akasema mkuu wa kituo, bado anatabasamu.

"Marahaba. Mwanangu una macho mazuri, nisaidie. Mie uzee huu. Hapa nilipo, nimeshavuka?"

"Bado, mzee. Bado hujavuka."

"Hata mguu mmoja sijaweka barabarani?"

"Hata mmoja, mzee."

"Haya," akasema yule mama, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile niliyoisikia kwenye simu. "Sasa mimi nimegongwa wapi?"

Kicheko kilikatika. Nilisikia moto wa kuni ukilia jikoni. Mkuu wa kituo hakuweza kufoka, kwa sababu aliyesimama mbele yake ni mtani. Hakuweza kujibu, kwa sababu jibu alikwisha kulitoa yeye mwenyewe mbele ya kituo kizima. Akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama viatu.

"Hapo hapo, mzee."

Sauti ilitoka kwenye gari. Yule koplo alikuwa amevua kofia.

"Ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo. Nilikuona. Nililipita lori, nikashindwa kurudi upande wangu." "Ulivuka vizuri siku zote, mzee. Siku hiyo hukuvuka."

Yule mama akabaki ukingoni na koti lake kubwa, machozi yanamtiririka. Mama yangu ndiye aliyemwonea huruma. Aliinuka mkekani, akaenda akamshika mkono, akamvusha uwazi ule mpaka upande wa pili, akamkalisha. Yeye mwenyewe bado hakulia.

Mkuu wa kituo aliaga mapema. Alipokuwa anapanda gari, nilimfuata nikamwambia sasa shahidi unaye. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, utani si ushahidi. Mambo ya msibani yaishie msibani." Wakaondoka, na kwa mara nyingine tena nikaiona ile taa isiyokuwepo.

Lakini mama alikuwa amesikia, na hakuwa tayari kuyaacha yaishie pale. Baada ya kuondoa tanga tulikwenda ngazi ya juu, mimi, yeye na yule Mzaramo, tumevaa vizuri sote watatu. Tulirudishwa mara ya kwanza, na ya pili tukaambiwa mhusika yuko kikaoni. Mara ya tatu tulipokelewa na ofisa mmoja mwanamke, mkimya, ambaye hakuniambia nipunguze jazba. Alinisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe. Kisha akamgeukia yule mama, akamuuliza alikuwa amesimama wapi, na akayaandika maelezo yake mwanzo hadi mwisho, na ya kitumbua kilichoungua pia. Lile gari lilizuiliwa wiki ile ile. Kituo kikakaa bila gari, na wapo waliotulaumu kwa hilo.

Lililotutesa lilikuwa koplo. Yule ofisa alituambia wazi: mwanamke mmoja dhidi ya maelezo ya askari wote waliokuwemo ndani ya gari, kesi itakuwa ngumu, isipokuwa dereva aseme tena alichokisema msibani. Na msibani ni msibani. Pale alikuwa anamjibu baba. Mahakamani angejibu sheria, ana watoto, ana kazi, na tulisikia amefuatwa na wenzake wakimshauri asijimalize. Mimi nilishaamua atakana. Mama hakusema atakana wala hatakana. Aliamka, akasali, akakaa na macho yake makavu, na mwili ukawa unapungua. Mkuu wa kituo alihamishwa kituo kingine, na hiyo ndiyo adhabu yetu Tanzania, kumpelekea mtu mwingine tatizo lako.

Siku ya kesi tulimkuta koplo kwenye korido ya mahakama, amevaa shati la kiraia, amekonda. Alipomwona mama alisimama. "Shikamoo mama." Mama akajibu, "Marahaba, baba." Nilimwuliza mama, kwa hasira, anaitikia vipi salamu ya mtu yule. Akasema, "Kanisalimia, nimeitikia. Wewe ulitaka nifanyeje?" Tukaingia.

Hakimu alisoma shtaka, akamuuliza koplo kama ni kweli au si kweli. Nilishika ubao wa benchi. Koplo akasema ni kweli. Hakimu akamuuliza kama ameelewa anachokubali. Akasema ameelewa, na ni kweli.

Wakili wa Serikali akasimama kusoma maelezo ya kosa. Alisoma haraka, kama wanavyosoma wote, kwa Kiswahili cha mahakamani ambacho mama hakifuati. Akafika mahali akasema kwamba marehemu alikuwa amesimama nje ya barabara, akisubiri kuvuka, na kwamba hakuwa na kosa lolote. Mama akanivuta khanga. Alitaka kujua mtu yule amesema nini kuhusu mume wake.

Nikamwinamia sikioni nikamwambia kwa Kisukuma, kidogo kidogo. Alikuwa amesimama. Alikuwa anasubiri. Hakuwa na kosa.

Akaniuliza, huyo anayesema ni nani? Ni jirani?

Nikamwambia, hapana mayu. Ni Serikali.

Mama akaitikia kwa kichwa, akakunjua khanga yake begani, akajifunika uso. Halafu akaita jina la baba, kwa sauti kubwa, katikati ya mahakama. Karani akainuka kuja kumnyamazisha. Hakimu akamwashiria karani akae, akaweka kalamu mezani, na akamwacha mama amlilie mume wake.